Msaada Upo, Ila Haukufuati Chumbani

Mazungumzo ya leo ni ya vijana wetu wanaokwenda kusoma ng'ambo. Ni ya kwao, na ni ya sisi pia tunaobaki huku tukiwaombea.

Nianze na swali. Mtoto wako akipata nafasi katika chuo kikuu cha nje, mnaandaa nini? Pasipoti, viza, ada, tiketi, koti zito, na siku ya kuagana, dua na nasaha za wazee. Yote hayo ni ya lazima. Lakini je, kuna aliyekaa naye akamwambia afanye nini jioni, darasa likiisha na kila mtu akashika njia yake? Kuna aliyemwambia agonge mlango gani akiumwa, akiishiwa fedha, au akikosa usingizi usiku baada ya usiku?

Hilo ndilo tunaloliacha. Na mimi leo nina neno moja tu, nitalirudia mpaka likae: msaada upo, ila haukufuati chumbani. Mwanafunzi ndiye anayeufuata, na anaufuata mapema.

Nikupe kisa cha kweli, cha zamani kidogo. Mwaka 1909, jijini New York, Mmarekani mmoja aitwaye Harry Edmonds, mfanyakazi wa YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, alipishana na kijana wa Kichina kwenye ngazi za maktaba ya Chuo Kikuu cha Columbia. Edmonds akamsalimu, salamu ya asubuhi tu, akaendelea na safari yake. Yule kijana akasimama. Akamwambia kwamba ana wiki tatu New York, na yeye ndiye mtu wa kwanza kumsemesha.

Wiki tatu, msikilizaji! Katika jiji la mamilioni ya watu.

Edmonds hakulisahau jambo lile. Yeye na mkewe wakaanza kuwaalika wanafunzi wa kigeni nyumbani kwao. Wakaja wachache, wakaja wengi, kikaundwa chama, na mwaka 1924, kwa fedha alizotoa tajiri John D. Rockefeller Mdogo, ikafunguliwa International House, nyumba kubwa ya kuishi wanafunzi wa mataifa mbalimbali karibu na mto Hudson. Mwaka 1930 ikafuata nyingine Berkeley, na mwaka 1932 nyingine Chicago. Mpaka leo zinapokea wanafunzi.

Sasa tujiulize. Yule kijana wa Kichina alikosa nini? Akili? Hapana, alikuwa amekubaliwa Columbia. Vitabu? Maktaba ndiko alikokuwa akitoka. Alichokosa ni mtu wa kumwambia habari za asubuhi. Na mwanafunzi aliyekosa mtu, hata akiwa na akili nyingi kiasi gani, masomo yake yako hatarini.

Labda utaniambia, hayo ni ya Wamarekani na Wachina. Haya, tuje kwetu. Mwaka 1959 mwanasiasa wa Kenya, Tom Mboya, na wenzake waliandaa safari za ndege kupeleka vijana wa Afrika Mashariki kusoma Marekani. Ndege ya kwanza iliondoka Nairobi na wanafunzi 81, na hadi mwaka 1963 walikuwa wamekwenda mamia, wengi wao kutoka Kenya, na wengine kutoka Tanganyika na Uganda. Mwaka 1960 alikuwamo binti wa Nyeri aliyekuja kujulikana dunia nzima, Wangari Maathai. Yeye mwenyewe alisimulia katika kumbukumbu zake kwamba njiani, basi lao liliposimama katika jimbo la Indiana, mkahawa mmoja ulikataa wakae ndani kwa sababu ni Waafrika. Fikiria, ndiyo kwanza umefika, na mapokezi ni hayo.

Lakini safari yake haikuishia pale mkahawani. Alifika Atchison, Kansas, kwenye chuo kidogo cha masista Wabenediktini, na huko akapokelewa kama mtu. Alipata walimu waliomjali na marafiki wa kuishi nao. Mwaka 1964 akapata shahada ya biolojia, akaendelea na masomo huko Pittsburgh, na miaka 40 baada ya shahada ile ya kwanza akatunukiwa Nobeli ya Amani. Sisemi masista ndio waliompa Nobeli. Ninasema mwenye akili naye anahitaji mahali pa kupokelewa.

Na pale ambapo hapakuwa na wa kuwapokea, wanafunzi wetu walijipokea wenyewe. Mwaka 1925 wanafunzi wa Afrika Magharibi walioishi London, wakiongozwa na Ladipo Solanke wa Nigeria, waliunda umoja wao, WASU. Enzi hizo mwenye nyumba wa London aliweza kumfungia Mwafrika mlango hivi hivi, mchana kweupe. Umoja ule ukachangisha fedha, na mwaka 1933 ukafungua hosteli yao wenyewe. Pale walilala, wakala, wakafanya midahalo, wakazungumza habari za uhuru. Kwame Nkrumah alipofika London mwaka 1945, naye alifanya kazi za siasa katika umoja huo. Kwa hiyo anayekuambia vyama vya wanafunzi ni mchezo wa kupotezea muda, mkumbushe WASU.

Hayo ni ya jana. Leo je? Niseme zaidi juu ya Uingereza, maana wengi wetu tuna ndugu huko.

Tuchukue mfano. Binti ametoka Mbeya na alama nzuri, amefika Scotland mwezi Septemba. Mwezi wa kwanza mambo ni mazuri: jua bado lipo, kila kitu ni kipya, picha zinatumwa nyumbani. Mwishoni mwa Oktoba Waingereza wanarudisha saa nyuma, na tofauti ya saa kati yake na nyumbani inakuwa tatu badala ya mbili. Anatoka maktaba saa mbili usiku, anataka kumpigia mama, lakini Mbeya ni saa tano na mama amelala. Ikifika Desemba, huko kaskazini jua linakuchwa kabla ya saa kumi jioni. Anaingia darasani asubuhi giza halijatoka vizuri, anatoka giza limeshaingia tena.

Jiko la bweni wanalitumia watu sita. Kila mmoja ana rafu yake kwenye jokofu, na chupa ya maziwa imeandikwa jina la mwenyewe. Siku moja anakaanga dagaa, king'ora cha moshi kinalia, na jengo zima linatolewa nje kwenye baridi, watu wamevaa nguo za kulalia. Hakuna aliyemtukana. Lakini tangu siku ile anaona haya kuingia jikoni. Anakula mkate chumbani, mlango umefungwa.

Hajafeli mtihani wowote. Hajagombana na mtu. Ila ameanza kukosa kipindi cha asubuhi. Kazi moja ameiwasilisha kwa kuchelewa. Barua pepe za mwalimu anaziona, hazijibu. Nyumbani wakiuliza, "Mwanangu, unaendeleaje?" jibu ni lile lile: "Salama tu, mama."

Niambie, msikilizaji, binti huyu tatizo lake ni masomo? Angesaidiwa na nini, na wakati gani?

Kwanza kabisa, angesaidiwa na vyama. Vyuo vya Uingereza huwa na wiki ya kukaribisha wanafunzi wapya, na ndani ya wiki hiyo kuna maonyesho ya vyama. Ni ukumbi mkubwa uliopangwa meza, na kila chama kina meza yake: mpira wa miguu, mpira wa vinyoya, kwaya, mdahalo, kupanda milima, redio ya wanafunzi, umoja wa Waafrika, chama cha Waislamu, vyama vya Wakristo. Unafika, unauliza, unaandika jina lako. Vingine ni bure, vingine vina ada ya pauni chache, na vingi vinakuruhusu kuhudhuria mara ya kwanza bila kulipa chochote.

Ushauri wangu ni huu: ingia vyama viwili. Kimoja kiwe cha watu wa kwenu, Watanzania, Wakenya, Waafrika kwa jumla, mahali utakapocheka kwa lugha yako na kuambiwa unga wa ugali unauzwa duka gani. Cha pili kiwe cha watu usiowajua kabisa, wanaokutana kwa sababu wanapenda kitu unachokipenda. Ukiwa na cha kwanza peke yake, utamaliza miaka mitatu Uingereza bila kumjua Mwingereza. Ukiwa na cha pili peke yake, siku ya msiba nyumbani hutakuwa na wa kulia naye.

Na faida ya chama ni nini hasa? Wengine watasema ni kuboresha Kiingereza. Kweli. Wengine watasema ni kupata cha kuandika unapoomba kazi, kwa sababu aliyekuwa mtunza hazina wa chama ameshika bajeti na kuandika ripoti. Nalo ni kweli. Lakini kubwa kuliko yote ni hili: kwenye chama kuna mtu atakayeuliza, "Mbona Jumatano hukuja?" Katika ukumbi wa mihadhara wenye watu 200, hakuna atakayejua kama kiti chako kiko wazi. Kwenye kwaya ya watu 15, sauti yako ikikosekana inajulikana siku hiyo hiyo.

Najua kuna mzazi anawaza, "Huko kwenye vyama si ndiko kwenye pombe?" Swali hilo ni la haki, nami nalijibu. Zipo shughuli zenye pombe, na zipo nyingi zisizo nayo. Kijana ana haki ya kusema sinywi, akaagiza maji, na maisha yakaendelea. Vyuo vingi vina chumba cha sala, vina swala ya Ijumaa, vina viongozi wa dini waliowekwa kusikiliza wanafunzi wa dini zote, hata asiye na dini. Anayefika na kujiunga wiki ya kwanza huchagua marafiki wake. Anayejifungia mpaka upweke umzidi, akija kutoka, anamfuata yeyote atakayemwita.

Pili, msikilizaji, tuitaje milango mingine.

Upo mlango wa mlezi wa masomo. Karibu kila mwanafunzi hupangiwa mwalimu mmoja wa kumfuatilia. Ukiumwa au ukifiwa, unaweza kuomba uongezewe muda wa kuwasilisha kazi, lakini omba kabla siku ya mwisho haijapita. Ukiomba baada ya hapo, hata kama sababu yako ni ya kweli, kusaidika kunakuwa kugumu.

Upo mlango wa daktari. Ukiomba viza ya masomo ya zaidi ya miezi 6, unalipia huduma ya afya ya taifa, NHS, kabla hujapanda ndege. Tangu mwaka 2024 mwanafunzi hulipa pauni 776 kwa kila mwaka wa viza. Fedha hiyo si ndogo hata kidogo. Sasa kuna vijana wanalipa yote hayo, wanafika, na hawajiandikishi kwa daktari wa mtaa wao. Ni sawa na kulipa nauli ya basi kisha ukatembea kwa miguu. Jiandikishe ukiwa mzima, usisubiri homa. Na ukifika, muulize habari za vitamini D, kwa sababu kwa sisi wenye ngozi nyeusi, jua lile la Uingereza halitoshi, na wataalamu wao wa afya wenyewe wanatushauri tufikirie kumeza vidonge vyake mwaka mzima.

Upo mlango wa mshauri nasaha. Kwa kawaida ni bure, ni siri, na hawampigii simu baba yako kumweleza uliyoyasema. Tena katika vyuo kadhaa kuna simu ya usiku iitwayo Nightline, inayopokelewa na wanafunzi wenzako waliofunzwa kusikiliza. Ilianzia Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1970. Unapiga, hutaji jina, unasema la moyoni.

Na upo mlango wa fedha. Huu ndio tunaouogopa kuliko yote. Viza ya mwanafunzi haikuruhusu kuchukua misaada ya serikali, hilo ni kweli, lakini mfuko wa dharura wa chuo chenyewe haumo katika katazo hilo. Nyumbani mazao yakikosa bei, mlipaji ada akifukuzwa kazi, nenda ukaseme mapema. Chuo kinaweza kukupangia kulipa kwa awamu. Kisichoweza kukusaidia ni ukimya wako. Tena ukimya huo una hatari kubwa: chuo ndicho mdhamini wa viza yako, na mwanafunzi aliyeacha kuhudhuria bila maelezo, chuo kinalazimika kumripoti. Kwa hiyo kujifungia chumbani kunaweza kukutoa nchini kabisa.

Nigusie na kazi, ile ambayo huko tunaiita kubeba boksi. Mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na si zaidi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba viza hiyo haimruhusu kujiajiri. Binti akiwasuka wenzake nywele kwa malipo, akipika maandazi ya kuuza, kijana akipiga muziki ukumbini kwa malipo, wanaweza kuharibu viza bila kujua. Kwenye chama cha muziki piga gitaa upendavyo, lakini kabla hujapokea fedha yoyote, muulize mshauri wa wanafunzi wa kigeni hapo chuoni. Usimuulize rafiki wa rafiki kwenye kikundi cha WhatsApp. Mambo ya viza yana watu wake walioidhinishwa kisheria kuyatolea ushauri.

Hebu tusimame kidogo tujikumbushe. Tumesema nini? Tumesema vyama viwili, wiki ya kwanza. Tumesema milango ipo: mlezi wa masomo, daktari, mshauri nasaha, mfuko wa dharura. Na tumesema msaada upo, ila haukufuati chumbani.

Sasa nizungumze na wewe mzazi, mjomba, shangazi, kaka mkubwa uliyechangia tiketi. Vijana wetu tumewalea kujikaza. Tumewaambia mtoto wa kiume halii, na msichana mwenye heshima hatoi siri za nyumbani. Malezi hayo yamewasaidia mengi, nami siyabezi. Lakini yakivuka bahari bila maelezo, yanamfunga mtoto mdomo mbele ya mtu aliyeajiriwa kumsaidia. Wahenga walishasema: mficha uchi hazai. Mwambie mwanao kabla hajaondoka, kwa kinywa chako mwenyewe, kwamba ukikwama sema, hutatuaibisha. Maneno hayo akiyasikia kwako, atayaamini kuliko akiyasoma kwenye bango la chuo.

Jambo la pili, mzazi. Usitegemee chuo kikuletee ripoti. Huko mtoto akishatimiza miaka 18 ni mtu mzima, na matokeo yake ni mali yake. Hawatakuandikia kwamba amekosa vipindi. Njia yako ya kujua ni mazungumzo yenu. Na mazungumzo yenyewe tunayaendeshaje? Tunauliza, "Masomo vipi? Matokeo lini? Umekula?" Ongeza maswali mengine. Muulize, "Jumamosi ulikuwa wapi, na nani? Nani anakaa chumba cha jirani? Kwenye kwaya mnaimba nini?" Kijana asiyeweza kutaja jina la mtu hata mmoja baada ya miezi miwili, huyo ana shida, hata kama alama zake ni nzuri. Hapo usimkaripie. Msikilize, kisha muulize amegonga mlango gani.

Na sisi tulio vyuoni hapa nyumbani tusijitoe. Tuna wanafunzi kutoka Kongo, Burundi, Sudan Kusini, na wengine wanaotoka Ulaya na Asia kuja kujifunza Kiswahili. Yupo anayekula peke yake kantini wakati sisi tunacheka meza ya pili. Mkaribishe. Mwambie timu ya bweni inafanya mazoezi saa ngapi. Mpeleke zahanati akiumwa. Tunalotaka mtoto wetu afanyiwe Glasgow au Leeds, tumfanyie mtoto wa mwenzetu hapa.

Msikilizaji, muda unanitupa mkono, kwa hiyo nimalize kwa kazi ya kufanya. Kama una kijana anayesafiri mwaka huu, kaeni pamoja wiki hii mkiwa na karatasi. Fungueni tovuti ya chuo chake. Andikeni ofisi ya wanafunzi wa kigeni iko jengo gani na simu yake ni ipi. Andikeni simu ya dharura ya chuo, ile inayopokelewa hata usiku. Andikeni majina ya vyama viwili atakavyojiunga. Karatasi moja aiweke ndani ya pasipoti yake, nakala ibaki kwako. Na kama kijana wako yuko huko tayari, hujachelewa: vyama vingi hupokea watu katikati ya mwaka pia, na ofisi zile ziko wazi siku za kazi. Mpigie kabla hajalala, ukikumbuka tofauti ya saa, umwambie kesho agonge mlango mmoja, kisha keshokutwa akueleze alijibiwa nini.